Bibi wa Ulezi

Watu wa Ruanda, kijiji cha huku Mbozi, wanamjua Ferista kwa vitu viwili: asali isiyochanganywa na sukari, na ulimi usiochanganywa na chochote. Asali aliirithi kwa bibi yake, Anyosisye. Ulimi alijipatia mwenyewe, katika miaka sitini ya kulima kahawa, kuzika mume, na kuishi jirani na mdogo wake Barnaba, mzee wa kanisa.

Kila chupa ya Ferista huzibwa kwa nta, na juu ya nta hugongwa muhuri: mwanamke amesimama, ameshika masuke. Nyumbani walimwita Bibi wa Ulezi. Alichongwa ndani ya jiwe jekundu la pete ya dhahabu, pete ambayo muuguzi wa Kijerumani wa Mbozi Mission alimwachia Anyosisye siku Waingereza walipokuja kumchukua wakati wa vita. Anyosisye hakuivaa kwa maringo. Aliigandamiza kwenye nta ya vibuyu vyake vya asali, ili mchukuzi mdokozi ajulikane kabla hajafuta mdomo. Kwenye jiwe Bibi alikuwa shimo tu. Kwenye nta aliinuka mzima, kama mtu aliyeitwa akaitika.

Mwaka jana Judith, binti wa marehemu kaka yao, alikuja likizo kutoka Dar, anakofanya kazi ya makumbusho. Aliikagua pete kwa kioo cha kukuzia.

"Shangazi, dhahabu hii ni ya juzi, labda miaka mia na hamsini. Jiwe ndilo la kale. Ona kingo zake zilivyolika, na dhahabu bado ina makali. Kuna mtu alilipata hivihivi akalijengea nyumba mpya. Hili ni la Warumi."

"Warumi wale wa Paulo?"

"Haohao. Na huyu huenda ni mungu wao wa kike wa mavuno."

Ferista alicheka hadi akashika ubavu. Kumbe miaka yote asali yake ilikuwa inalindwa na mwanamke wa Kirumi! Barnaba hakucheka. Aliweka kikombe chake cha chai chini, taratibu.

Mwezi wa nane, Ferista akiwa shambani anachuma kahawa, pete ilitoweka kwenye kopo la nta. Alipekua nyumba siku mbili, akawashuku hata kuku. Siku ya tatu, Jumapili, Barnaba alipitia kwake akitoka ibadani.

"Usihangaike, dada. Nimeiondoa sanamu katika ukoo wetu."

"Umeipeleka wapi?"

"Tunduma. Kwa sonara."

"Sanamu ilikuwa jiwe, Barnaba. Na dhahabu, ilikuwa mungu wa nani?"

Barnaba akatazama chini. Ferista naye akatazama kulekule, akaona viatu vyeusi vya ngozi, vipya, vumbi la Ruanda halijathubutu kuvigusa.

"Kumbe Bibi amegeuka viatu," alisema. "Basi tembea polepole, usimkanyage."

Ipo hasira inayowaka kama nyasi kavu ikaisha. Ya Ferista ilikuwa moto wa maganda ya kahawa: hauna mwali, unafuka chini kwa chini, na ukiugusa siku ya nne bado unaunguza.

Kesho yake alfajiri alipanda gari la Tunduma. Sonara alikuwa Clever, mwenye kibanda upande wa Chapwa, mtu wa biashara ya mpakani anayewaamkia wateja kwa Kibemba.

"Bamayo, ile dhahabu ilishayeyuka. Ilishavuka hata mpaka."

"Sikufuata dhahabu. Nataka jiwe."

"Jiwe?" Clever alishangaa kweli. "Jiwe linaharibu mizani, mama. Nalichokoa kwa msumari, linaanguka, naendelea na kazi."

"Linaanguka wapi?"

Clever alionyesha sakafu kwa kidevu. Lakini sonara hatupi taka zake, maana mna chembe za dhahabu ndani yake. Huzifagia na kuziweka kwenye ndoo, akaziosha mwisho wa mwezi.

"Ndoo hiyo haiguswi, bamayo. Hata mke wangu haigusi."

"Basi kaa uniangalie mikono. Nipe karai na maji."

Alichuchumaa. Mikono iliyopepeta ulezi tangu utoto ilizungusha yale matope meusi siku nzima, na kila chembe iliyong'aa aliiweka kwenye kifuniko mbele ya mwenyewe. Clever alianza kwa macho ya mlinzi. Kufika alasiri alikuwa ameshika upande wa pili wa karai, anamwaga maji.

Jua lilipoinama kitu chekundu kilibaki chini. Ferista alikifuta kwa kitenge, akakiinua kwenye mwanga. Kona ilikuwa imemeguka. Masuke ya Bibi yamekwenda, pamoja na mkono ulioyashika.

"Vita havikumvunja," alisema. "Miaka yote hiyo haikumvunja. Ni wewe na msumari wako."

"Nisamehe, bamayo. Ngoja nikutengenezee pete ya shaba, bure."

"Usimguse!"

Judith alipopata habari alimpigia simu baba yake mdogo huku analia. Alimwambia kwamba dhahabu ilikuwa nguo tu, mwili ni jiwe, na thamani yote imo humo. Jioni ileile Barnaba alikuja kwa Ferista, sauti laini kama anaombea mgonjwa.

"Dada, jiwe ni la ukoo. Na mimi nina fungu langu."

Ferista alikuwa anayeyusha nta. Alimwaga kijiko kimoja kwenye jani la mgomba, akagandamiza jiwe, akabandua, akakiweka kipande kiganjani mwa mdogo wake kikiwa bado cha moto. Mwanamke alisimama pale wima, hana mkono mmoja.

"Hilo ndilo fungu lako. Usiliweke juani."

"Bado unanichukia?"

"Nina kazi," alisema, akavuta chupa ya kwanza.

Asali ya Ferista inauzwa hadi Vwawa, na wateja huuliza kwa nini siku hizi mama wa kwenye nta hana mkono. Ferista hamfichi mtu.

"Kamuulizeni mzee wa kanisa," huwajibu. "Mtamjua kwa viatu."