Mwizi wa Avokado Yangu

Nikiwa mtoto wa miaka kumi hivi pale Sultan Hamud, hakuna mtu aliyenishinda kuotesha vitu. Hakuna, narudia. Wenzangu walisukuma magari ya waya. Mimi dirisha letu lilijaa mikebe: kitunguu kilichochipua, kichwa cha karoti kwenye kifuniko cha maji, kiazi kitamu kikitambaa hadi kwenye kamba ya nguo. Mwalimu alisema sina akili. Sawa, lakini kiazi chake kilikuwa wapi?

Mfalme wa dirisha alikuwa avokado. Matunda yenyewe yalikuja kwetu na lori kutoka Murang'a. Kokwa moja niliiosha, nikaichoma miiba mitatu ya mgunga, nikaikalisha juu ya glasi ya maji, nusu ndani nusu nje. Wiki sita, kimya. Mama alilalamika kwamba maji ya kununua nampa kitu kisicho na mdomo. Halafu ikapasuka, mzizi ukashuka, na kichwa chekundu kikatokea juu. Niliita watoto wa mtaa mzima waje waone.

Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye tuliishi naye, hakuisifu.

"Ng'oa hiyo, Mutua. Mti wa matunda ukioteshwa ndani ya nyumba, siku ukizaa unamchukua aliyeupanda."

"Unamchukua wapi, Susu? Mombasa?"

"Cheka tu. Meno hayo utayaacha hapa."

Sikung'oa. Nikaihamishia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ikakua hadi kifuani mwangu.

Siku moja natoka shule, mkebe mtupu. Nyuma ya jikoni Susu amepiga magoti, mikono imejaa udongo, na avokado yangu imesimama ardhini, imezungushiwa matawi ya miiba mbuzi wasiiguse.

"Nimepanda mimi," akasema. "Kuanzia leo ni yangu. Wewe hukupanda kitu. Ukiulizwa, sema hivyo."

"Mwizi!" nikapiga kelele, majirani wakisikia. "Wewe ni mwizi, Susu!"

Mama alinizaba kofi. Susu akamshika mkono. "Mwache. Acha anitukane."

Nami sikumwangusha. Nilimtukana miaka. Akiniomba nimbebee maji yaliyooshewa vyombo akamwagilie mti, nilimjibu, "Mwenye mti ajibebee." Na alijibebea, mgongo umepinda, ndoo inamgonga mguuni. Mti ukampita yeye, ukapita paa. Mimi nikaacha shule darasa la saba nikaanza kuziba pancha kando ya barabara, na kwa kazi hiyo pia hamnipati.

Nilipofikisha miaka kumi na saba, mti ukazaa. Avokado nne. Wiki ile ile Susu akashikwa na kifua, akafa hata hazijakomaa.

Tulipomaliza kumzika, nilimkuta Mama akisugua sufuria za wageni. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mti umemchukua, nikawaka.

"Wanaongea upuuzi! Alikuwa mzee, na kifua kilimsumbua tangu zamani."

Mama hakuinua kichwa. "Siku ile alipoihamisha avokado yako aliniambia, 'Mimi nimeshaishi. Ikitafuta mtu, inikute mimi.' Akanikataza kukuambia. Alisema kwa kichwa chako kigumu ungeing'oa, uirudishe kwenye mkebe."

Kinachonichoma ni kwamba ni kweli. Ningeing'oa.

Siamini kwamba mti unaua mtu. Sikuamini nikiwa na miaka kumi, na leo siamini, njooni na miti yenu yote. Lakini yeye aliamini. Kwa karibu miaka saba alibeba ndoo akiimwagilia siku yake mwenyewe ya kufa, na mimi nimekaa kwenye ngazi ya jikoni natafuna muwa, namwita mwizi. Nikikumbuka nakasirika, na sijui nimpige nani. Ungeniambia tu, Susu. Tungegombana kama watu.

Mwaka huu mti umezaa tena. Nilikula moja na chumvi, nimesimama palepale alipopiga magoti. Ilikuwa tamu, na hilo nalo likaniudhi. Kokwa yake iko kwenye dirisha la chumba ninachopanga, miiba mitatu, nusu ndani nusu nje, na juzi imepasuka.

Mama akija kunitembelea huiangalia kwa muda mrefu, halafu huangalia mikono yake. Nimemwambia waziwazi: hiyo nimepanda mimi, na asiiguse mtu.