Pikipiki ya Kumlaza Mama

Baba aliipakia pikipiki kwenye lori la Mbeya, kisha akanipigia simu. "Nyuma inavuta upande," alisema. "Iangalie, si ndiye fundi wewe siku hizi." Niliipokea Uyole, hapa Mbeya, nikaikokota hadi kwenye ua wa nyumba ninayopanga, na kabla sijagusa nati hata moja nikasikia harufu ya kwetu. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda chini ya kiti pamoja na mbegu za nyanya zilizokaukia humo.

Ufundi nimejifundisha mwenyewe, kwa video za simu na kwa kuharibu. Nami nikiri jambo: mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kama mlango nimeufunga. Nikikaza nati leo, kesho naikaza tena. Mama mwenye nyumba huniambia, "We binti, hilo pikipiki litakuoa." Ningependa kusema nilizaliwa hivi, lakini nadhani niliokota tabia hii utotoni, Jumapili mchana, nikiwa nimeshika ncha ya uzi.

Tuliishi mlimani, juu ya Ilula. Mama alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa nyonga, hakuweza tena kukaa na kukunja magoti kama abiria wengine, na kila Jumatatu alitakiwa kuteremka hospitali. Gari halikuwa likifika kwetu. Basi baba akaikata pikipiki yake ya kubebea nyanya. Zile bomba mbili zinazoshika gurudumu la nyuma akaziunga ziwe ndefu, akazichomelea mwenyewe uani kwa mashine ya kuazima, na juu yake akafunga kiti cha gari bovu kilicholala nyuma. Mama akawa anasafiri kwa kujinyoosha, uso ukitazama mbinguni, blanketi limefungwa hadi kidevuni kwa sababu ya ukungu.

Jirani yetu, mzee aliyependa ulanzi, pombe ya mianzi, hakutuacha salama. "Kamwene," alikuwa akitusalimu Kihehe kutoka kwake. "Kitanda kimeamkaje?"

"Kitanda kizima," mama alimjibu. "Cheka tu. Siku ukilewa, ndicho kitakachokurudisha kwa mkeo."

Gurudumu la nyuma lilikuwa ndiyo kazi ya Jumapili. Tukitoka kanisani, baba alivua koti la ibada na kusimamisha pikipiki juu ya matofali. Mama alikuwa akifuma masweta ya shule, hivyo uzi wa sufu haukukosekana. Baba aliuzungusha nyuma ya tairi, akauvuta mbele kila upande hadi kwenye tairi la mbele. Mimi nilishika ncha zote mbili. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele ilitakiwa iwe sawa kushoto na kulia. Mwanzoni haikuwa sawa kamwe; mashimo ya wiki nzima yalikuwa yamelisogeza gurudumu la nyuma. Baba alilegeza nati, akagonga ekseli kidogo, akachungulia, akagonga tena. "Usipumue," aliniambia, nami nilijizuia kweli mpaka masikio yakavuma. Jikoni kulikuwa na harufu ya nyanya zilizobondeka, zile ambazo wasafiri wasingezinunua, zikichemka na maharage. Chakula kilipoa mara nyingi kikitusubiri.

Lakini kipimo cha mwisho hakikuwa uzi. Baba alimbeba mama, akamlaza kitini, wakaenda mpaka kwa mzee wa ulanzi na kurudi, kwenye mashimo yaleyale ya kesho. Mimi nilisubiri mlangoni.

"Vipi?" baba aliuliza.

"Imekaa, baba watoto. Kama niko kitandani kwangu."

Sijui kama unaweza kuelewa furaha ya baba. Alikuwa mtu mkavu, lakini hapo alinawa grisi huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, akala ugali wake uliopoa na kuusifu. Hakuweza kuutibu ugonjwa. Aliweza kunyoosha gurudumu.

Mama alifariki mvua zilipokuwa zinaanza, kabla sijamaliza shule ya msingi.

Sasa nilirudia kazi ile uani kwangu, kwa uzi wa nailoni kwa sababu sufu huvutika. Nafasi zikawa sawa pande zote, kama alivyozipata baba. Bado nikaona kitu kinanisumbua. Nikamwazima fundi mwashi timazi lake, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima wa ukuta, nikalining'iniza kando ya tairi la mbele; tairi likalingana nalo. Nikahamishia timazi nyuma. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kushoto.

Uzi hauwezi kukuonyesha hilo. Unakwambia tairi linatazama wapi, haukwambii limesimamaje. Moto wa kuchomelea ulizipotosha bomba tangu siku ya kwanza, na kiti kilichofungwa juu yake kikainama nazo. Kila shimo lilikuwa likimtupa mama upande wa kushoto, kwenye chuma cha kiti, na kushoto ndiko ilikokuwa nyonga mbovu. Nikakumbuka kitenge alichokuwa akikikunja na kukisokomeza upande ule. Alisema anazuia upepo.

Nilikaa chini kwenye ua na spana mkononi. Kisha nikakata bomba zote nikazipeleka kwa mchomeleaji, nikamsimamia na timazi hadi akakasirika. Ni kazi nzuri. Huko kwetu barabara imechongwa, gari la wagonjwa linafika hadi kanisani, na mzee wa ulanzi kazikwa. Hakuna anayefuma masweta. Watoto wanavaa ya mitumba. Pikipiki nyoofu itarudi kubeba nyanya, na nyanya haziumwi.

Juzi baba alipiga simu.

"Ulikuta nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. "Bushi za gurudumu la nyuma zimekwisha tu, baba. Nimeweka mpya."

"Na zile bomba?"

"Ziko sawa."

Nikasikia kuku wa kwetu nyuma yake.

"Nilijua," akasema, na sauti yake ikawa ya kijana. "Zile nilizipima vizuri. Ndiyo maana mama yako hakuwahi kulalamika."

Nikamwambia ndiyo, baba, ndiyo maana.