Benchi la Wasailiwa

Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka thelathini na minane, na wa kidato cha sita nikiwa na arobaini na miwili, yote kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shule niliiacha kidato cha pili, baba alipofariki na shamba letu la kahawa na migomba huko Meru likabaki bila mtu. Elimu niliyonayo niliipata baadaye, Kaloleni, katika chumba ninachotolea fotokopi. Wanafunzi walileta mitihani ya miaka iliyopita. Kurasa zilizotoka zimefifia sikuzitupa. Nilizipanga kwa somo, kisha kwa mwaka, nikazijibu moja moja.

Vijana waliomaliza kidato cha sita mwaka ule waliitwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Wengi walikuja kwangu kuchapishiwa orodha za kambi. Nilijua kwamba mtu wa umri wangu haitwi. Hata hivyo, wateja walipoondoka, niliipitia orodha yote kwa rula, mstari kwa mstari. Sina sababu ninayoweza kuitetea. Nilitaka kuliona jina langu katikati ya majina ya wengine.

Miaka miwili baadaye lilitoka tangazo la msaidizi wa masjala katika ofisi moja ya umma: kidato cha sita, umri usiozidi miaka arobaini na mitano. Nilikuwa na arobaini na minne. Nafasi ilikuwa moja, na kwangu ilikuwa ya mwisho. Nilitafuta kitabu cha utunzaji wa kumbukumbu, nikakisoma mara tatu. Mtihani wa maandishi nikafaulu. Tukabaki wanne wa kuhojiwa.

Siku hiyo nilivaa koti. Nilipotokea kwenye korido, vijana watatu waliokuwa benchini walisimama kwa pamoja.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba."

"Mzee, leo utuonee huruma," akasema msichana mmoja. "Maswali mepesi mepesi."

Nikakaa kando yake na kutoa barua yangu ya kuitwa kwenye usaili. Aliitazama, akashika mdomo.

"Jamani, kumbe ni mwenzetu!"

"Sasa mzee, wewe ulipita kambi gani?" akauliza kijana wa pembeni.

"Sikuitwa."

"Hukuitwa au ulitoroka?"

Tukacheka wote. Wao watatu walikuwa wamepita jeshini, kila mmoja kambi yake, lakini mmoja alipoanzisha wimbo wa mchakamchaka, wawili waliudaka bila kufikiri. Walisimuliana uji wa moto ulionywewa kwa kusimama, na afande aliyewakimbiza mpaka buti zikaachama. Nilisikiliza, bahasha mapajani. Msichana akanigeukia.

"Kuruta, kaa wima! Ukiitwa unajibuje?"

"Naam, afande."

"Hujala? Rudia!"

Nikarudia kwa sauti, mpaka mhudumu akachungulia mlangoni. Wakaniuliza ninafanya kazi wapi, nikawaelekeza. Kisha nikaitwa.

Mwenyekiti wa jopo aliuliza kama nina cheti cha mafunzo ya jeshi. Nikasema sina. Akasema ni sifa ya nyongeza tu, akaandika kitu.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Nilikuwa nimeandaa jibu lenye hoja tatu na kulikariri kwa wiki nzima. Nilipofungua mdomo nikasema, "Nimejifunza kila kitu peke yangu. Ningependa kufanya kazi mahali penye watu."

Wakatazamana. Hata swali moja la kitabuni hawakuniuliza. Wakanishukuru kwa kufika.

Kazi aliipata yule msichana. Wiki mbili baadaye alikuja kutoa kopi za vyeti vya kuripotia kazini, akanisalimu kwa aibu, kama mtu aliyekalia kiti changu. Nikampongeza, na nilimaanisha.

"Mzee, nikuulize," akasema. "Barua ikiingia masjala, naanzia wapi?"

Nikamwonyesha kwa karatasi zilizokuwepo mezani: unaigonga muhuri wa kupokelewa, unaiandika kwenye rejista, unaitafutia jalada lake, unaipa namba kwa wino mwekundu. Aliandika kila hatua. Akauliza kuhusu majalada ya siri, na kinachofanywa jalada likijaa. Kila nilipomaliza kujibu nilisubiri swali jingine.

Aliuliza maswali manane, akafunga daftari, akaniaga. Nilikuwa na majibu ya mengi zaidi.