Soksi za Maua Wodini

Hivi wewe, ukivalishwa soksi zinazokubana mpaka ukamkumbuka marehemu bibi yako, utazivumilia? Fundi cherehani hakuzivumilia. Alizifumua.

Alikuwa na uvimbe wa saratani kwenye ini. Madaktari waliufuata kwa mrija mwembamba, wakaupitisha kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye ini, wakaumwagia dawa palepale. Awamu ya pili ingefuata wiki ijayo, mradi damu isigande mahali pabaya. Daktari akamvalisha soksi ndefu za kubana, akasema, "Usizivue," akaenda zake. Sababu hakuitaja. Na mtu asiyepewa sababu hujishonea yake: fundi akaamua kwamba aliyezitengeneza alikosea kipimo.

Mkewe alipoleta chai, alimkuta anakata uzi kwa meno. Soksi zimeongezwa upana kwa kitambaa cha maua.

"Baba watoto! Hilo si pazia letu ulilokuja nalo kulipindia upindo?"

"Lilikuwa refu mno."

"Na lililobaki liko wapi?"

Fundi akakohoa. Jirani wa kitanda cha dirishani, mwalimu mkuu mstaafu, naye akakohoa.

Jioni muuguzi alipima miguu ya fundi kwa futi ya kamba. Wa kushoto ulikuwa umevimba.

"Futi yako imevutika hiyo," fundi akamwambia.

"Mzee wangu, futi ni nzima. Saratani huitia damu haraka ya kuganda. Ukishapitishwa mrija, halafu ukashinda umekaa, haraka inazidi. Soksi inabana ili damu ipande juu. Wewe umeijengea sebule ipumzike! Donge likijitunga humo laweza kupanda hadi mapafuni. Na hapo awamu ya pili tutaiahirisha."

Mguu wa fundi, uliozoea kukanyaga cherehani hata usingizini, ukatulia tuli.

"Mbona hamkuniambia mapema?"

"Si ungeuliza?"

"Nimuulize nani, soksi?"

Muuguzi akaikunja futi yake, na swali lilikuwa la haki. Mgonjwa si gunia la kufungwa kamba bila maelezo!

"Ukifa kwa ajili ya pazia," mkewe akasema, "matangani nitasema nini?"

Asubuhi iliyofuata walimpaka mguu jeli baridi, wakautazama kwa mashine ya kuona ndani ya mishipa. Damu ilikuwa inapita vizuri, donge hakuna. Mguu ulivimba kwa kuning'inizwa kitandani akishona mchana kutwa. Awamu ya pili ipo palepale. Mkewe akamchapa kwa mkoba, kisha akamkumbatia.

Waliporudi wodini, fundi akiwa ndani ya soksi mpya zilizombana kisawasawa, walimkuta muuguzi kashika kiuno. Mbele yake mwalimu mkuu mstaafu alikuwa akitoka msalani kwa madaha, maua mekundu yakimchanua kwenye vigimbi vyote viwili.

"Nani mwingine?" muuguzi akauliza.

Kitanda kwa kitanda, kuanzia dirishani hadi mlangoni, fundi aliona wateja wake wakivuta mablanketi kufunika miguu.