Sweta ya Dada

Harufu ya naftalini ikinijia sokoni, kwenye mirundo ya nguo kuukuu, namwona mama amepiga magoti mbele ya valizi, lile sanduku la safari. Dada yangu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Wamisionari walikuwa wamemtafutia daktari Ulaya, na treni ingempeleka Lubumbashi kupanda ndege.

"Kule hata wakati wa joto iko baridi," mama alisema. "Asubuhi jua, saa sita mvula."

Akamvalisha sweta aliyoifuma mwenyewe. Mikono ilining'inia kupita vidole. Dada akacheka mpaka pumzi ikamkatika.

"Mama, hii iko ya weye!"

"Utanona kule, mwanangu. Bakitengeneza moyo, utakula sana."

Baba akaingia kutoka stesheni ya treni, kofia mkononi.

"Treni hakuna. Basoda ba jeshi balikamata yote, banaenda nayo ku vita."

"Itarudia siku gani?" dada aliuliza.

Baba akatundika kofia ukutani.

Mama hakutoa nguo ndani ya valizi. Alimvua dada ile sweta polepole, akaikunja, akaongeza vidonge vya naftalini, vingi, kama mtu anayehifadhi nguo kwa miaka.