Picha ya Baba Yako Kwenye Kompyuta ya Mama Hansa

Kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na jana uliichokoza bila kujua. Ulinipa simu yako nione kazi uliyoimaliza, ile tovuti ya zahanati, ukasimama nyuma ya kiti changu kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Kiduara kikazunguka. Ikaja picha ya daktari anayecheka, ikaja video, likaja dirisha la kuniuliza kama nakubali sijui nini. "Subiri Mama, inafunguka," ukasema. Nilikurudishia simu kabla haijamaliza, ukadhani haikunipendeza. Ilinipendeza. Ila ilinirudisha kwenye siku hiyo, na leo nataka nikwambie kwa nini.

Wakati huo ulikuwa tumboni. Tulipanga chumba mtaa wa Pasua, pembeni ya mji, mimi nikiuza mitumba, baba yako akipanda mlima na mizigo ya wageni. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na kampuni za utalii zilichipuka kila kukicha. Nyingine hata ofisi yake hukujua iko wapi. Mpagazi alikwenda kusimama getini alfajiri na begi lake, anayemhitaji akamnyooshea kidole, safari ikaanza. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi wala amemwacha nani nyumbani. Mke alijua mume amepata kazi pale jioni ilipoingia naye hajarudi. Ndivyo tulivyoishi, na tuliona ni kawaida.

Safari hiyo, siku ya kurudi ikapita. Kesho yake pia. Sokoni watu wakaanza kusema theluji imeshuka vibaya huko juu na kuna wapagazi wamekwama. Waliosema hayo hawakuwa wamefika hata nusu ya mlima, lakini kila mmoja alikuwa na maiti zake za kuhesabu. Nilimtuma shemeji yangu kwenye geti la Marangu, akarudi akaniambia huko hawamjui. Mlima una mageti kadhaa, na sikujua Deo wangu alipandia lipi. Nilijua jambo moja tu, kwamba kampuni iliyomchukua safari ya nyuma ilimwahidi kumchukua tena, na ilimpa fulana. Mgongoni ilichorwa mlima na chini yake anwani ya tovuti. Namba ya simu haikuwepo.

Nikaikunja ile fulana nikaenda nayo mjini kwa Mama Hansa. Huyu alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, aliyekuwa na duka la vifaa vya shule na kompyuta chache nyuma ya pazia. Nikamwambia shikamoo, nikamwonyesha mgongo wa fulana, akaandika anwani kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa sijawahi kugusa kompyuta.

Tukangoja. Kwanza kioo kikawa cheusi. Halafu theluji ya kuchorwa ikaanza kudondoka, na ngoma zikalia kwenye spika mpaka wateja wa dukani wakageuka. Theluji, mwanangu! Nimekuja kuuliza kama theluji imemuua mume wangu, wao wananichezea theluji na ngoma. Mama Hansa akatafuta pa kuzimia muziki, hakupaona, akachomoa waya wa spika. Kisha picha kubwa ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, maana ndivyo zilivyofunguka siku hizo. Anga. Begi la bluu. Mikono miwili imelishika. Paji la uso.

Nililijua lile paji kabla macho hayajafika.

"Huyu nani?" Mama Hansa akauliza, kwa sababu nilikuwa nimeing'ang'ania meza.

"Mume wangu."

Kwenye picha alikuwa anacheka, mzima kabisa. Chini yake waliandika maneno ya Kiingereza ambayo Mama Hansa alinifasiria: karibu kwenye familia yetu. Tukaendelea kungoja namba ya simu. Ukurasa ukakwama, tukaanza upya, theluji, anga, begi, paji. Safari hii nilifumba macho. Ulipofika mwisho hapakuwa na namba yoyote. Palikuwa na visanduku vya kujaza kwa mgeni anayetaka kupanda mlima, na ahadi kwamba atajibiwa haraka.

Nikamsihi aandike humo, aandike jina la Deo, aandike kwamba nina mimba, aandike chochote. Hakuandika. Alivua miwani akaniuliza polepole, "Mama, hospitali umeshauliza?"

Sikuwa nimeuliza. Niliogopa. Kwenda kuuliza hospitali kulikuwa kukubali kwamba ameumia au amekufa, na mbele ya ile kompyuta bado niliweza kutumaini. Ubaya wa mashine inayokungojesha ndio huo, unakaa hapo ukidhani kuna kitu unafanya.

Mama Hansa akafunga duka mchana kweupe, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu. Hapakuwa mbali, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulimkuta wodi ya wanaume, miguu yote miwili imefungwa bandeji kwa kuumwa na baridi. Kampuni ilimleta juzi yake, ikamwandikisha, ikaondoka. Unajua wodi zetu, asiyeletewa chakula na ndugu anakula cha kuhurumiwa. Aliyekuwa akimgawia mtori wake wa ndizi ni mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu ambaye hawakuwahi kuonana.

Baba yako aliniangalia asicheke. Alikuwa amemwomba mtu wa kampuni atupe habari, akajibiwa asiwe na wasiwasi, ofisi itaiweka kwenye tovuti.

"Nilijua mmeshaambiwa," akasema. "Nimelala hapa najiuliza nimewakosea nini hata hamji."

Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Baadaye kijana wa kampuni alipanda Kilema, kijijini kwa wazazi wa baba yako, na kreti la soda kuomba radhi. Babu yako, ambaye aliongoza wageni mlimani tangu ujana wake, alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Kijana akasema ofisi ina tovuti nzuri kuliko zote mjini, hawakudhani habari ingekosa kufika.

"Mimi kabla ya kupanda," babu yako akamwambia, "nilipita kihamba kwa kihamba, migombani nyumbani kwa kila mpagazi, mkewe akaniona uso. Likitokea la kutokea, alijua mlango wa kugonga. Wewe umejenga sebule ya kupendeza, baba. Mkwe wangu alizunguka nje ana mimba, hakuona mlango."

Kijana akazifungua soda mwenyewe akatugawia. Soda tulikunywa, hatukumfukuza mtu. Vidole vya miguu ya baba yako vilivyobaki ndivyo hivyo unavyoviona. Miguu ilipona, lakini zile siku mbili alizolala akiamini nimemtupa, sijui kama zimewahi kumtoka. Nimemweleza mara nyingi. Husema anaelewa, kisha huangalia pembeni.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mtu anayefungua tovuti ya zahanati hajaja kutembea. Ana mtoto anayechemka homa, ana mzee asiyepumua vizuri, amesimama mgombani na simu mbovu akitafuta mtandao. Wewe unaijaribu kazi yako umekaa na chai, simu mpya, roho imetulia. Ijaribu ukiwa na hofu. Namba ya simu iweke juu kabisa, kwa maandishi matupu, itokee kabla ya daktari wako anayecheka. Picha zije baadaye, zikija. Wakikwambia ukurasa hauna mapambo ya kutosha, waambie mama yako amekataza. Na ukiwa na habari ya mtu, usiibandike mahali ukajiona umemaliza. Nenda ukamwambie.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi tele na roho ya huruma ya kuifanya, na yeyote atakayekutafuta huku anatetemeka, akupate.