Zamu ya Walburga kwenye Linux

Mwaka 2004, kompyuta ya Walburga, karani wa kikundi cha kahawa Mbinga, iligoma kuchapa. Ilitumia Linux, mfumo unaotengenezwa kwa kujitolea na watu wa kila nchi. Mmoja wao, Steven wa Mwanza, akamwelekeza kwa barua pepe hadi ikachapa.

Walburga akakosa raha. Kwao Umatengo, ukilimiwa ngoro zako, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, nawe unakwenda kulima za mwenzako, asiyekwenda husemwa.

“Kaka, Mwanza mbali,” akamwandikia Steven. “Nitakulimia lini?”

“Andika tulivyoitengeneza, dada, asome atakayekwama kesho.”

“Mimi wa darasa la saba?”

“Wataalamu wameandika, watu hawaelewi! Wewe utaeleweka.”

Akaandika, akamtumia. Asubuhi moja ya ukungu akayakuta maelezo yake kwenye tovuti ya Linux, na akilini akawaona watu asiowajua wameinama naye mteremko mmoja, majembe yakipanda na kushuka.